Frigo ya Barumbu Iliyozimia Kila Alasiri

Siku ya kwanza niliyoingia kazini, katika karakana ya baridi ya bohari moja ya dawa hapa Kisangani, nilivaa blauzi nyeupe, kwa sababu mama yangu aliamini mfanyakazi wa serikali huvaa nyeupe. Kufika adhuhuri ilikuwa na masizi kutoka mabegani mpaka kiunoni. Ninyi vijana hamkuzijua frigo za mafuta ya taa, kwa hiyo hamjui masizi ninayosema. Nilipojiona kwenye kioo cha dirisha nilicheka, na Chef akanisikia. Miaka mingi baadaye aliniambia kwamba ni kicheko kile kilichomfanya aamue kunibakiza.

Naitwa Feza. Baba yangu alikuwa karani aliyehamia hapa kutoka Maniema, na mimi nilikuwa nimemaliza shule ya ufundi, sehemu ya umeme. Mafundi wote wa karakana walikuwa wanaume. Mwanamke pekee aliyefika pale kabla yangu alikuwa mama muuza mandazi, naye hakuvuka kizingiti. Mkuu wa karakana tulimwita Chef, na hapa pia nitamwita hivyo. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti ndogo, aliyeimba nyimbo za kanisani kwa pua wakati wa kulehemu.

"Weye njo ule wa umeme?" aliniuliza.

"Ndiyo, Chef."

"Bon. Kamata kiti, ikala kule nyuma ya frigo. Tia mukono, kisha uniambie: kintu gani iko moto, kintu gani iko baridi."

Nikanyoosha kiganja. Akanishika kifundo cha mkono kabla sijagusa chochote.

"Hapana kiganja. Mugongo ya mukono. Umeme ikikupiga, vidole vinajifunga vyenyewe. Ukitia kiganja, utabaki umekamata. Ukitia mugongo, mukono inakimbia."

Asubuhi nzima nilikaa nyuma ya frigo ile nikigusa mabomba kwa mgongo wa mkono, nikidhani ananidharau. Mchana alinieleza. Frigo haitengenezi baridi, alisema. Inachukua joto lililo ndani na kulitupa nje, kupitia mabomba ya mgongoni ambayo mafundi huyaita kondensa. Anayefungua mlango na kusikia ubaridi haioni kazi yenyewe. Kazi iko nyuma, kwenye joto. Toka siku hiyo, kila nilipomletea mashine iliyogoma, kabla sijafungua mdomo aliniuliza swali lile lile: "Joto inapita wapi?"

Kazi yetu ilikuwa kutunza frigo za chanjo katika vituo vya afya. Chanjo hukaa kati ya nyuzi mbili na nane. Zikipata joto zinaharibika polepole bila kutoa harufu, ndiyo maana kwenye kichupa hubandikwa alama ndogo: duara la rangi lenye kiraba cheupe katikati. Joto likizidi, kiraba kinaingia weusi taratibu, na kikifikia weusi wa duara, kichupa hicho kinatupwa. Miaka ile ya mwanzo tulisafiri mtoni na mapipa ya mafuta ya taa na tambi za akiba. Frigo ya mafuta ilitaka kusimama sawasawa, bila kuinama hata kidogo, basi tuliweka sahani ya maji juu yake ili tuone kama imelala upande. Zaidi ya mara moja nimefika kituoni nikakuta kuku yuko juu ya frigo anakunywa kipimo changu.

Halafu zikaja frigo za umeme wa jua.

Chef alilifungua sanduku la kwanza kama mtu anayefungua zawadi ya ndoa yake mwenyewe. Alikunja karatasi, akaviweka vifungo mfukoni, akatuita wote. Kompresa ya frigo hiyo, yaani pampu inayozungusha gesi ya baridi, iliendeshwa na kisanduku cha elektroniki kinachoenea kwenye kiganja. Ndani yake mlikuwa na swichi, lakini msifikirie swichi ya ukutani yenye vyuma viwili vinavyogusana. Hii ilikuwa chipu, kipande cha silikoni kidogo kuliko ukucha, kinachofungua na kufunga njia ya umeme mara nyingi sana kwa sekunde moja bila kitu chochote kusogea.

Umeme unapopita ndani ya chipu kama hiyo, sehemu ndogo yake inapotea na kuwa joto. Joto hilo lina safari yake. Linatoka kwenye silikoni kwenda kwenye ganda la chipu, kutoka kwenye ganda linaingia kwenye mapezi ya alumini, kutoka kwenye mapezi linaingia hewani. Safari ikienda vizuri, chipu hufanya kazi miaka na miaka. Ikizibwa popote, joto linarundikana mpaka kwenye silikoni. Na silikoni ina kiasi chake: katika chipu nyingi za aina hiyo ni karibu na nyuzi mia moja na hamsini. Ikikaa juu ya hapo, inaungua na haiponi.

Waliotengeneza chipu hizo walijua hilo, wakatia ndani yake kipimajoto kidogo sana, ubavuni mwa swichi yenyewe. Kipimajoto kikiona hatari imekaribia, swichi inajikata. Haisubiri fundi wala ruhusa. Ikishapoa nyuzi kadhaa, kama ishirini hivi, inajiwasha tena. Pengo hilo limewekwa kwa makusudi. Bila hilo swichi ingekuwa inazima na kuwaka, kuzima na kuwaka, kama jicho lililoingia vumbi. Na kwenye kisanduku chetu kulikuwa na taa nyekundu ya kutoa habari. Ikimeta mara moja, betri imechoka. Ikimeta mara tano, elektroniki imepata joto.

Chef hakutaka kuyasoma tu kitabuni. Alilaza kisanduku mezani, akakiunganisha na kompresa, akakifunika na blanketi lake la kulalia zamu. Tukasubiri. Kompresa ikaunguruma, ikaunguruma, kisha ghafla kimya. Taa ikameta mara tano. Mmoja wetu akasema: "Chef, umeiua."

Chef akaondoa blanketi, akarudi kitini, akafumba macho. Muda mfupi ukapita, na kompresa ikaanza kuunguruma yenyewe, bila mtu kuigusa.

"Haikufwa!" Chef alisimama, machozi ya kicheko yakimtoka. "Munaona? Haikufwa! Imezimia tu! Mama Feza, kuja, hii kintu iko nasema na sisi!"

Alirudia jaribio lile siku ile mpaka betri ikachoka. Hata mama wa mandazi aliitwa aone, na ndipo alipovuka kizingiti kwa mara ya kwanza. Alitazama kisanduku kikizimia na kuamka, akasema: "Kama bwana yangu siku ya kulipa masomo." Tulicheka wiki nzima.

Si kila mtu aliyefurahia swichi kujikata. Siku moja tuliletewa kisanduku kutoka mahali ambapo fundi wa mtaani, amechoka na frigo inayojizima, alikuwa ameitoa chipu na kutia transista ya kawaida isiyo na kinga. Aliyekileta alisema frigo ilienda vizuri sana, bila kukata hata mara moja, mpaka moshi ulipotokea. Ubao wa chipu ulikuwa mweusi, na harufu yake haikutoka karakana kwa siku nyingi. Chef hakumtukana mtu. Alikiweka dirishani ili kila anayeingia akione.

Chef alipostaafu, mimi nilishika nafasi yake. Juu yangu alikuwapo Daktari Mkuu, mtu mrefu aliyependa kufupisha mambo. Ndiye aliyeniita ofisini msimu mmoja wa jua kali na kuniambia kuhusu Barumbu.

Barumbu iko kule mto unakoteremkia, katika eneo la Basoko. Watu wake ni wavuvi na wafanyabiashara. Kituo cha afya cha pale kilikuwa na frigo moja ya jua, na ndani yake chanjo ya surua ya eneo lote. Surua ilikuwa imeanza kusikika kwenye kambi za wavuvi visiwani. Akina mama walikwisha kuambiwa walete watoto mwishoni mwa wiki. Sasa frigo ilikuwa inafanya kazi asubuhi, inazima alasiri, inaamka jua likishuka.

"Kila siku joto yake ya ndani inapanda kidogo zaidi," Daktari Mkuu alisema. "Ikifika nane na kupita, tunapoteza chanjo yote, na hatuna nyingine ya kuwapa karibuni. Mama Feza, enda. Chukua baleinière ya leo."

Baleinière ni mashua yetu kubwa ya mbao yenye injini. Nilipanda juu ya magunia ya chumvi, kisanduku kipya cha elektroniki kikiwa mapajani, nimekifunga ndani ya kitambaa changu cha kikwembe. Nilikuwa na hakika kwamba chipu imechakaa. Njiani nilikula samaki wa kuchoma kwenye majani, na nikalala usingizi mzuri kabisa.

Muuguzi mkuu wa kituo, aliyeitwa na wote Papa Titulaire, alinipokea gatini. Alikuwa mtu mwembamba mwenye maneno ya haraka, na watu wa pale husema Lingala kuliko Kiswahili, basi maneno yao nayaandika hapa kwa Kiswahili chetu.

"Mama Technicien, karibu, mulisafiri muzuri? Kuja, kuja muone frigo yetu. Hakuna nyingine kama hii kwenye muto yote!"

Nilidhani amechanganyikiwa, mashine mbovu haisifiwi hivyo. Tulipoingia nikaelewa. Frigo haikuonekana. Mbele yangu lilisimama kabati la lifaki, mbao nyekundu zinazong'aa, limepigwa randa mpaka ungeweza kujitazama. Mlangoni palichongwa mawimbi ya mto, na pembeni pakachongwa makasia. Lilikuwa na kufuli ya shaba. Sijawahi kuona kazi ya mbao nzuri kama ile katika kituo cha afya, wala katika nyumba ya mtu.

Papa Titulaire alinisimulia. Seremala wa Barumbu, jina lake Bolongo, alikuwa mtengenezaji wa mitumbwi na majeneza. Surua ilipopita mara ya mwisho, watoto wengi wa mtaani kwake waliugua, lakini mtoto wa dada yake, aliyekuwa amechanjwa, haikumgusa. Bolongo hakujua amshukuru nani. Akauliza dawa hiyo hukaa wapi, akaonyeshwa frigo, akasema mashine kama hiyo haistahili kusimama uchi mbele ya mbuzi na wezi. Ndipo akaijengea nyumba. Wageni wote waliofika Barumbu waliletwa kuiona.

Niliomba ufunguo. Nilipofungua mlango, joto lilinipiga usoni kama nimefunua sufuria. Ndani kabisa, kwenye giza, taa nyekundu ilimeta mara tano, ikatulia, ikameta tena mara tano.

Nilitia kipimajoto changu nyuma ya frigo. Watengenezaji walikuwa wameandika kwamba hewa ya kuizunguka isizidi nyuzi arobaini na tatu. Kipimajoto kilipita hamsini na bado kilikuwa kinapanda. Kondensa ilikuwa inatupa joto la chanjo ndani ya kabati, na mapezi ya kisanduku yanatupa lake humo humo, na lote halina pa kutokea. Chipu ilikuwa nzima kabisa. Ilikuwa inafanya kile kile ilichoumbwa kufanya.

Tuliacha mlango wazi tuone kama inatosha. Haikutosha, mgongo wa kabati ulikuwa umezibwa kwa mbao zilizobanana, na hewa ya nyuma haikusogea. Tukataka kuitoa frigo. Haikutoka. Bolongo alikuwa amejenga kabati kuizunguka pale pale iliposimama, kwa vigingi vya mbao bila msumari hata mmoja, na mlango ulikuwa mwembamba kuliko frigo.

"Basi, Mama," Papa Titulaire alisema, akifuta jasho, "toa tu ile kintu inakata. Si njo mugonjwa?"

"Papa, hiyo njo inatulinda. Nikiitoa, frigo itaenda siku mbili tatu bila kukata, kisha itaungua. Hapo hautakuwa na frigo kabisa."

Hakuridhika. Alikuwa na chanjo za watoto wa eneo zima mikononi, na mimi nilimwelewa. Alinipeleka nyuma ya soko, pale simu zinaposhika, akampigia Daktari Mkuu amwombe aniamuru. Aliweka sauti nje ili nami nisikie, na wauza soko nao wakasogea kusikia. Daktari Mkuu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza:

"Papa, mugonjwa wako akiwa na homa, unavunjaka thermomètre?"

Soko zima lilicheka. Papa Titulaire mwenyewe alicheka, akakata simu, akasema: "Bon. Twende kwa Bolongo. Lakini weye njo utamuambia."

Bolongo alikuja na tezo mkononi na vumbi la mbao ndevuni. Alikuwa wa umri wangu, mabega mapana, macho mapole. Nilipotamka neno msumeno, macho hayo yalibadilika.

"Mama, sikiliza. Mimi natengenezaka mitumbwi ya kutafuta pesa na masanduku ya kuzika batu. Hii kabati njo kintu moja tu nilitengeneza kwa furaha. Unataka niikate?"

Nilimwomba atie mkono nyuma ya frigo, mgongo wa mkono, aguse hewa ya mule. Akatia. Akauacha humo muda mrefu huku ananitazama.

"Sisikii kintu."

Nikaitazama ile mikono, ngozi yake ngumu kama kwato, nikajua anasema kweli. Basi nikamwambia: "Tia kichwa."

Alifikiri nafanya mzaha. Papa Titulaire akamhimiza, na watu waliojaa dirishani wakamhimiza zaidi. Bolongo akapiga magoti, akaingiza kichwa, kisha bega moja, katika nafasi kati ya frigo na ubao wa nyuma. Akakaa kidogo. Tukasikia sauti yake kutoka ndani, ndogo na ya mbali:

"Mama."

"Ndiyo, Papa Bolongo?"

"Nimekwama."

Papa Titulaire alimshika mguu mmoja, mimi wa pili, tukavuta. Alitoka jasho likimtiririka, ndevu zimelowa, na watu dirishani wakishikana kwa kicheko. Alikaa chini sakafuni. Nilingoja akasirike. Akajifuta uso kwa shati, akalitazama kabati lake, akasema taratibu:

"Inaishi mule kila siku?"

"Kila siku."

"Na bado inafanya kazi asubuhi?"

"Kila asubuhi."

Alitikisa kichwa kama mtu aliyesikia habari ya ndugu yake. "Sasa nionyeshe. Joto inapita wapi?"

Nilishtuka kusikia swali la Chef katika kinywa cha mtu asiyemjua. Nilichukua kipande cha mkaa nichore, lakini akaninyang'anya. Hakuna mtu angechora kwenye mbao zake isipokuwa yeye. Nikamweleza kwa mdomo. Hewa baridi ni nzito, inaingilia chini. Ikipita kwenye mapezi na mabomba inapata joto, inakuwa nyepesi, inapanda, inataka kutokea juu. Kwa hiyo tunahitaji mashimo chini na mashimo juu, nyuma na pembeni, ya kutosha.

"Usiseme mashimo," Bolongo alisema. "Mimi sitoboi mashimo."

Akaanza kuchora. Chini, mbao zote za pembeni na za nyuma, alichora samaki wanaogelea kuingia. Juu alichora ndege wanaoruka kutoka. Kisha akatuma aletewe msumeno mwembamba na patasi zake, akatufukuza wote isipokuwa mimi, kwa kuwa mimi nilipaswa kumwonyesha mahali pa kutopita ili asikate bomba. Alikata mpaka jua likashuka, na alfajiri alikuwa amekwisha kurudi. Samaki wa mbao walianguka mmoja mmoja sakafuni. Nilijikuta nawaokota na kuwapanga dirishani, na sikuwa na haraka kama niliyokuja nayo.

Papa Titulaire alitumia muda huo kukagua chanjo zake kichupa kwa kichupa, miwani puani, akilinganisha kila kiraba na duara lake. Alipomaliza alisema viraba vimeanza kuingia kivuli, lakini vyote bado viko salama. Alisema hivyo mara tatu, kila mara kwa sauti kubwa zaidi.

Saa ya hatari ilikuwa saa nane mchana. Wakati huo kabati lilikuwa limekatwa lote, na chumba kilikuwa kimejaa watu. Bolongo aliketi sakafuni akisikiliza. Hewa iliingia kwa samaki. Ukiweka unyoya mbele yao ulivutwa ndani, na ukiuweka juu, kwa ndege, ulirushwa. Saa nane ikapita. Kompresa iliendelea kuunguruma. Mama mmoja alitaka kukohoa, akajizuia. Saa tisa ikafika, jua likiwa kali kupita jana, na mashine ikaunguruma bila kukata. Kipimajoto nyuma ya frigo kilikuwa kimeshuka chini ya arobaini. Niliifunika taa nyekundu kwa kiganja nione kama inameta hata kwa siri. Haikumeta.

"Inaenda," nilisema.

Watu walipiga makofi. Katika maisha yangu yote ya kazi sijaona tena watu wakipiga makofi kwa mlio wa kompresa. Bolongo hakupiga, aliweka shavu kwenye mbao zake na kutabasamu.

Siku ya chanjo, mitumbwi ilijaa gatini toka alfajiri. Mnajua watoto na sindano. Kilio cha wa kwanza kiliwaamsha wote, na mstari ukaanza kuvunjika. Hapo Bolongo akachukua samaki mmoja wa mbao toka dirishani, akampa yule mtoto aliyechomwa. Kilio kikakatika. Wa pili akapewa ndege. Kisha nikaona jambo ambalo Papa Titulaire aliapa hajawahi kuliona: watoto wanasukumana ili wachomwe kwanza. Samaki na ndege walipokwisha, Bolongo aliketi mlangoni na mabaki ya mbao, akachonga wengine papo hapo, na mama zao wakaanza kuimba. Kufika jioni vichupa vyote vilikuwa vitupu. Tulikula lituma, ndizi zile zilizopondwa, na samaki mkubwa aliyeletwa na wavuvi, na mimi nikacheza mpaka viatu vikanitoka.

Nilirudi Kisangani na kisanduku changu kipya bila kukifungua. Haukupita muda, Bolongo naye akafika karakana. Alikuwa amepakia kwenye baleinière meza ya kazi ya lifaki, nzito ajabu, akasema ameona katika mazungumzo yetu kwamba meza yangu ni mbovu. Sikuwahi kumwambia lolote kuhusu meza. Niliichunguza: chini ya ubao wake alikuwa ameacha nafasi za hewa, mahali pa kuegesha visanduku vinavyopata joto. Mafundi wangu walitazamana. Tulioana kabla ya mvua kubwa.

Kabati lile lilifanya kazi mpaka frigo ilipochakaa na kubadilishwa na ya aina nyingine. Baadaye Papa Titulaire alilichukua la nguo, na alisema mashati yake hayanuki unyevu kamwe. Mimi niliendelea na kazi, huku na kule. Nilifunga frigo Kapalata, kwenye familia za wanajeshi, na nyingine Simi-Simi. Kila nilipofika, kabla ya kufungua sanduku nilipima nafasi kati ya mahali pa frigo na ukuta, na niliwaudhi wakuu wengi wa vituo waliotaka isogezwe kidogo ili kabati la kuwekea karatasi lipate kuingia. Sikusogeza.

Sasa nimestaafu. Daktari Mkuu alinifanyia karamu, akafupisha hotuba kama kawaida yake: alisema siku zangu nzuri kazini ni zile ambazo hakuna mtu aliyeniita. Nimelifikiria neno hilo mara nyingi nikiwa nyumbani. Ni kweli. Frigo ikienda vizuri hakuna anayekumbuka kwamba ina fundi. Mwanzoni jambo hilo liliniuma kidogo, baadaye nililipenda. Chipu za siku hizi zimekuwa ndogo kama punje ya mchele, zimo katika simu zenu, katika taa zenu, katika mashine za kuchajia sokoni, na nyingi zina kinga ile. Simu ikizima juani msiipige kofi. Itoeni juani, mngoje.

Mwaka huu Bolongo na mimi tulikwenda Barumbu kuwatembelea ndugu zake. Kituo kimejengwa upya, na nilitaka tu kusalimia. Ndani nilimkuta fundi ambaye simjui, binti mwenye bisibisi kifuani, anakagua frigo kubwa ya kisasa. Safari ilikuwa imenichosha magoti, basi nikaegemea mahali palipokuwa karibu.

"Mama, tafazali," binti alisema bila kuinua sauti, "musiegemee pale. Pale njo njia ya hewa. Ndani muko chipu; ikikosa hewa inapata joto, na ikipata joto inajikata, na chanjo zitaharibika. Mama musimame huku, tafazali."

Alinieleza taratibu, kama unavyomweleza mtu ambaye hajaona frigo maisha yake yote. Hakuruka hatua hata moja. Bolongo alifungua mdomo, nikamkanyaga mguu. Nikasogea mahali nilipoonyeshwa, nikasema aksanti mwanangu, na binti akainama kuendelea na kazi yake.

Tulipofika nje Bolongo alikuwa anafoka. "Kwa nini haukumuambia? Hajue amefukuza nani!"

"Nimuambie nini?" nilimjibu, na nilikuwa na furaha ambayo sikujua niiweke wapi. "Amenifukuza vizuri kabisa."